Maji Yanajaa: Siku Moja ya Kuizunguka Rasi ya Great Orme

Wenyeji wa Birmingham hupenda kujisifu kwamba mji wao una mifereji mirefu kuliko Venice. Mifereji ni kweli ipo, lakini bahari haipo. Kijiji ambacho wachora ramani wa Uingereza hukitaja kuwa ndicho kilicho mbali na bahari kuliko vyote, Coton in the Elms katika kaunti ya Derbyshire, ni jirani yetu. Kutoka pale hadi maji ya chumvi yaliyo karibu ni kilomita 113. Kwa hiyo mtu wa pwani anayehamia Small Heath anakuwa amewekwa karibu katikati kabisa ya kisiwa.

Baba yangu ni mtu wa Tongoni, kusini ya mji wa Tanga. Alivua kwa ngarawa, kisha kwa mashua, kwa zaidi ya miaka 40. Alipokuja kuishi nasi alikuwa na miaka 67. Sasa ana 71, na katika miaka yote minne hakuwa ameiona bahari hata mara moja. Kila mwaka nilimwahidi, na kila mwaka kulikuwa na sababu: zamu za kazi, mvua, nauli, homa ya mtoto. Hakulalamika. Kila asubuhi alitembea hadi kwenye bwawa la bustani ya Small Heath, akawatazama mabata, akarudi nyumbani.

Kilichonitoa hatimaye hakikuwa huruma kwa Baba peke yake. Kilikuwa binti yangu. Ana miaka 10, amezaliwa hapa. Siku moja nilitulia nikakisikiliza Kiswahili ninachomsemesha: njoo, kaa, kula, oga, vaa, fanya haraka, lala, nimesema nini? Ni Kiswahili cha amri kitupu. Hadithi, mizaha, majibu ya maswali yake kuhusu nyota na dinosaria, vyote hivyo nampa kwa Kiingereza, kwa sababu nimerudi kazini nimechoka na Kiingereza ndicho kilicho karibu. Matokeo yake anaelewa karibu kila anachoambiwa, na hujibu kwa Kiingereza. Babu yake naye hajui Kiingereza zaidi ya salamu na bei. Wanaishi nyumba moja, wanapendana, wanagawana biskuti, na hawana mazungumzo.

Najua nyumba yangu si ya peke yake. Ndiyo maana naandika kuhusu safari hii, ambayo familia yoyote ya Birmingham inaweza kuifanya kwa siku moja, kwenda na kurudi.

Treni inayorudi kinyumenyume

Tulikwenda Llandudno, mji wa pwani ya kaskazini ya Wales. Kando ya mji huo kuna rasi kubwa ya mawe iitwayo Great Orme, ambayo Wawelshi huiita Y Gogarth. Imeingia baharini kama kichwa cha mnyama, na kilele chake kina mita 207. Jina la Orme linatokana na lugha ya mabaharia wa kale wa Skandinavia, na maana yake ni nyoka. Ukiitazama kutoka mbali utawaelewa: kichwa kiko juu, shingo imezama.

Tulikuwa wanne: mimi, Baba, binti yangu, na mpwa wangu anayesoma chuo kikuu hapa Birmingham. Ilikuwa Jumamosi ya Mei. Kabla hatujatoka, Baba aliitazama kalenda ya msikiti iliyo ukutani jikoni, akasema, “Leo mwezi una siku tisa. Maji mafu.”

Binti yangu aliuliza, kwa Kiingereza, maji yamekufaje. Nilitaka kumjibu upesi ili tusichelewe treni. Mpwa wangu akanizuia, akamwambia, “Muulize Babu.”

Akauliza, kwa maneno mawili: “Babu, yamekufa?” Jibu lilianzia kituo cha New Street na lilikuwa bado linaendelea tulipopita Wolverhampton. Kwamba bahari huvutwa na mwezi. Kwamba mwezi ukiandama, na tena ukiwa mpevu, maji hujaa sana na kupwa sana, na hiyo ndiyo bamvua. Kwamba mwezi ukiwa nusu, maji hupanda kidogo na kushuka kidogo, nayo huitwa maji mafu. Kwamba mvuvi asiyejua siku ya mwezi ni sawa na dereva asiyejua taa za barabarani. Alimwonyesha kwa kikombe cha chai. Sidhani kama alielewa yote, lakini hakuigusa simu yangu hadi Shrewsbury.

Safari huchukua takriban saa tatu. Baada ya Shrewsbury, karibu na Chirk, treni hupita juu ya bonde refu kwenye daraja la matao, na hapo ndipo unapoingia Wales. Kando yake kuna daraja jingine la mwaka 1801 lililobeba mfereji wa maji, na ukibahatika utaona boti ikikatiza juu ya bonde huku mto ukipita chini yake. Ukifika Chester, usishtuke treni ikianza kurudi kinyumenyume: hubadili mwelekeo pale, kisha hushika njia ya pwani. Kuanzia hapo kaa upande wa kulia wa mwelekeo wa safari. Kule Flint, maji ya kwanza yalipotokea, binti yangu alipiga kelele kwamba ameiona bahari. Babu yake alitazama, akatikisa kichwa. “Huo ni mlango wa mto. Bahari bado.” Baada ya Prestatyn hakusema kitu. Aliweka kiganja kwenye kioo cha dirisha, akakiacha hapo mpaka Llandudno Junction, ambako hubadilishwa treni kwa kipande kifupi cha mwisho.

Mlima wenye matundu

Llandudno ni mji wa majengo meupe yaliyopangwa kufuata ghuba yenye umbo la mwezi mchanga, Great Orme upande mmoja na ndugu yake Little Orme upande wa pili. Gati lake lilifunguliwa mwaka 1877 na lina urefu wa mita 700, refu kuliko magati yote ya Wales. Jina la mji lina maana ya kanisa la Tudno, mtakatifu anayesemekana kuleta Ukristo kwenye rasi hii katika karne ya 6.

Kwa sababu ya magoti ya Baba, kipande kikali cha kupanda tulikifanya kwa tramu. Ni chombo cha mwaka 1902, na hakina injini ndani yake: huvutwa na kebo ya chuma kutoka juu. Mbele yetu alikaa mama mmoja na mtoto wake wa miaka kama minne, wakizungumza Kiwelshi. Sikuelewa hata neno moja. Lakini mama alikuwa akinyoosha kidole kuonyesha paa, shakwe, meli ya mbali, na mtoto akirudia. Niliitambua sauti ile. Haikuwa sauti ya amri.

Tulishuka kituo cha katikati, ambapo pana machimbo ya shaba. Mwaka 1987 watu walianza kupasafisha mahali hapa wakitaka kujenga uwanja wa kuegesha magari, wakakuta mlima umetobolewa ndani kama kichuguu. Wachimbaji walikuwa watu wa Zama za Shaba, kiasi cha miaka 4,000 iliyopita. Hawakuwa na chuma. Walichimba kwa nyundo za mawe ya pwani na vijiti vya mifupa ya wanyama, na maelfu ya zana hizo zimeokotwa mle ndani. Shaba yao ilichanganywa na bati ikawa madini magumu zaidi ya kutengenezea shoka.

Mgeni huvaa kofia ngumu na kushuka kwa miguu. Kuna vijia vyembamba kiasi kwamba waliochimba humo hawakuweza kuwa wengine ila watoto. Binti yangu alisimama mbele ya tundu moja akapima mabega yake kwa mikono, akanyamaza. Msomaji wa Lubumbashi au Kolwezi hatahitaji maelezo mengi hapa. Shaba na watoto vimekuwa na historia ndefu pamoja, na bado haijaisha.

Jiwe la nyumbani

Kutoka machimboni tulitembea kuelekea kanisa la Mtakatifu Tudno, lililojitenga kwenye mteremko unaotazama bahari. Sehemu ya kuta zake ni za karne ya 12. Siku za Jumapili za kiangazi ibada hufanyika nje, kwenye nyasi. Sisi tulifika saa saba na nusu, tukaswali adhuhuri kwenye majani, mbali kidogo na makaburi, kisha tukafungua chakula: chapati, mayai ya kuchemsha, sambusa, na chai ya tangawizi kwenye chupa. Upepo uliipeperusha foronya ya chapati hadi ukutani, na mpwa wangu akaikimbilia kama anayefukuza kuku.

Hapo ndipo tulipowaona mbuzi. Great Orme ina mbuzi mwitu wenye asili ya Kashmiri, weupe, wenye manyoya marefu na pembe zilizopinda nyuma. Wametokana na mbuzi walioletwa huku katika karne ya 19. Mwaka 2020, watu walipofungiwa majumbani kwa sababu ya korona, mbuzi hawa walishuka mjini wakala maua ya bustani na kutembea barabarani kama wenye mji, na picha zao zikazunguka dunia nzima. Baba aliwaangalia kwa jicho la mnunuzi. “Yule dume, Idi kubwa, huuliziwi bei.”

Tuliteremka kwa barabara hadi Marine Drive, njia iliyochongwa kwenye kingo za rasi na kufunguliwa mwaka 1878. Ni ya kilomita 8 hivi kwa mzunguko mzima. Wenye magari hulipa ushuru, wa miguu hupita bure. Njiani lami ilikuwa imeandikwa kwa herufi kubwa nyeupe: ARAF. Baba alisimama akaisoma. “Al-Aaraf!” akasema kwa furaha. “Sura ya saba. Miinuko.” Ilibidi nimwambie kwamba ni Kiwelshi, na maana yake ni polepole. Alifikiri kidogo. “Basi ni hivyo hivyo. Penye mwinuko, polepole.” Tangu hapo binti yangu alikuwa akilisoma kila aliponiona naongeza mwendo.

Upande wa kushoto ukuta wa mlima ulipanda wima. Baba alikuwa nyuma, na nilipogeuka nilimkuta ameegemeza uso wake karibu na mwamba.

“Njooni. Hili ni tumbawe.”

Nilidhani anatania. Mpwa wangu, ambaye anasoma uhandisi wa ujenzi na aliwahi kupewa somo moja la miamba, alikuja akapapasa. Kwenye jiwe la kijivu kulikuwa na vichirizi na viduara, vipande vya makombe vilivyogeuka mawe. Akacheka. “Babu hajakosea, Mjomba.” Akatueleza: Great Orme ni mlima wa mawe ya chokaa, na chokaa hii ilijijenga zaidi ya miaka milioni 300 iliyopita chini ya bahari ya kina kifupi, yenye maji ya vuguvugu, kutokana na matumbawe na viumbe wenye makombe. Wakati huo sehemu hii ya dunia haikuwa hapa. Ilikuwa karibu na ikweta. Ardhi ilisogea kidogo kidogo, kiasi kinacholingana na kukua kwa ukucha, mpaka ikaja kusimama kwenye baridi hii.

Baba aliposikia hivyo alikaa kwenye ukuta mdogo wa barabara, na sasa akamgeukia mjukuu wake. Alimsimulia Tongoni. Kwamba pale kijijini pana msikiti wa kale uliobomoka na makaburi ya wazee waliotangulia karne nyingi nyuma, mengine yakiwa na nguzo, na kwamba vyote vimejengwa kwa mawe ya matumbawe. Kwamba matumbawe hayo hayo yakichomwa kwa kuni nyingi hugeuka chokaa, na chokaa ikichanganywa na mchanga hushika jiwe kwa jiwe. Kwamba alipokuwa na umri kama wake alikuwa akibeba kuni za tanuri la chokaa, na mshahara wake ulikuwa mua. Ngome Kongwe ya Zanzibar, Fort Jesus ya Mombasa, nyumba za Lamu, zote ni jiwe la namna hiyo.

“Kwa hiyo,” binti yangu alisema, na alianza kwa Kiingereza, akasita, akaanza upya. “Kwa hiyo jiwe hili limetoka kwetu?”

“Limetoka joto kama sisi,” alisema babu yake. “Limetutangulia kidogo.”

Nilikuwa nimesimama hatua mbili tu kutoka kwao. Katika miaka minne sikuwahi kuwasikia wakisemezana kwa urefu ule. Na hakukuwa na mbinu yoyote. Ilikuwa tu mara ya kwanza tangu aje Uingereza ambapo Baba ndiye aliyejua, na sisi ndio wa kuuliza. Nyumbani, kila kinachohitaji kuelezwa kinaelezwa kwa Kiingereza: mashine ya kufulia, barua za shule, basi namba ngapi. Babu hana la kufundisha sebuleni. Pale mbele ya bahari alikuwa nalo.

Tuliendelea kuzunguka. Tulipita mnara wa taa uliojengwa mwaka 1862, ambao siku hizi ni nyumba ya wageni, umekaa ukingoni kabisa kama ngome ndogo. Baharini, safu kwa safu, kulikuwa na mitambo ya upepo 160. Huo mradi unaitwa Gwynt y Môr, na kwa Kiwelshi maana yake ni upepo wa bahari. Chini, kwenye mwamba, ndege mweusi alikuwa ametandaza mbawa zake kuzikausha, na Baba akasema “mnandi” kama mtu anayemtambua jirani wa zamani. Kisha rasi ikageuka upande wa magharibi, upepo ukatulia, na mbele yetu ikafunguka milima ya Eryri, kisiwa cha Anglesey, na mchanga mpana wa mlango wa mto Conwy.

Maji yanajaa

Saa kumi alasiri tulifika West Shore, ufuo wa upande wa pili wa mji. Ni ufuo mtulivu, hauna gati wala kelele, na maji yakitoka mchanga huachwa wazi mbali sana. Mimi na mpwa wangu tulikaa kwenye benchi, miguu ikiwaka. Baba alivua viatu, akakunja suruali, akamshika mjukuu wake mkono, wakaingia mchangani.

Niliwaona wakiinama. Baadaye niliambiwa kwamba alikuwa akimwonyesha vijilima vya mchanga uliosokotwa, alama ya minyoo wanayochimba wavuvi kuwa chambo, na makombe ya kome, na jinsi ya kujua kaa amepita upande gani. Walikwenda mbele kidogo, kisha kidogo tena. Sikuwa na wasiwasi. Mtu aliye naye ameishi na bahari miaka 40, na leo ni maji mafu, amesema mwenyewe.

Hesabu yake ya mwezi ilikuwa sahihi. Ambacho hakukijua, na mimi sikukichungulia, ni kipimo cha huku. Tanga, siku za bamvua, maji hupanda mita 3 na kitu. Llandudno, siku za bamvua hupanda karibu mita 7, na hata siku za maji mafu hupanda mita 3 na zaidi. Maji mafu ya hapa ni bamvua ya kwetu. Tena kwenye mchanga ulio tambarare, maji hayaji kwa mbele yakakuonya. Huzunguka kwanza kwenye vibonde, yakapita nyuma yako.

Binti yangu ndiye aliyegeuka. Kati yao na ufuo, mahali walipopita pakavu, palikuwa na ukanda wa maji unaong'aa, na ulikuwa ukitembea. Babu yake alikuwa amechuchumaa anafukua, mgongo kwa pwani, upepo masikioni. Alimwita kwa Kiingereza, mara mbili. Hakusikia, na kama alisikia hakujua ni kwake. Ndipo nilipoisikia sauti yake nyembamba mpaka kwenye benchi:

“Babu! Maji yanajaa! Nyuma! Maji yanajaa!”

Aliinuka mara moja. Alitazama, hakuuliza kitu. Akamshika mkono na wakatembea, hawakukimbia, akichagua pa kukanyaga. Mimi na mpwa wangu tulikuwa tumeshafika ukingoni mwa ule ukanda na viatu vyetu. Yeye maji yalimfika kwenye muundi, mtoto yalimfika magotini, na nguo zake zikalowa hadi kiunoni kwa sababu ya kuruka-ruka. Tulipotoka nje na kugeuka, pale walipokuwa wamechuchumaa palikuwa bado ni pakavu, lakini palikuwa kisiwa. Baada ya muda mfupi hapakuwapo.

Nilikuwa natetemeka, na nilitaka kugomba. Baba alinitangulia. Alikaa benchi, akawa anajipangusa mchanga vidoleni, akasema bila kumtazama mtu: “Miaka 40 nimesoma maji. Leo mtoto amenisomea mimi.”

Kwenye treni binti yangu alilala akiwa amevaa sweta la mpwa wangu. Kabla ya kulala aliniuliza, kwa Kiswahili, “kusoma maji” ni kusoma kweli kama kitabu? Nilitaka kumjibu. Nikamwambia amuulize babu yake.

Lugha ya watu 538,000

Nilikuwa macho hadi Birmingham, nikimfikiria yule mama wa kwenye tramu. Katika sensa ya mwaka 2021, watu waliosema wanazungumza Kiwelshi nchini Wales walikuwa kama 538,000, chini ya mtu mmoja kati ya kila watano. Ni watu wachache kuliko wakazi wa wilaya kadhaa za Dar es Salaam wakiwekwa pamoja. Lakini wana shule zao, televisheni yao tangu mwaka 1982, vibao vyao barabarani, na lengo la serikali yao la kufikisha wazungumzaji milioni moja ifikapo 2050. Sisi tuna lugha ya mamilioni kwa mamilioni ya watu, yenye siku yake duniani, tarehe 7 Julai. Hakuna anayehofu kwamba Kiswahili kitakufa. Lakini lugha inaweza kunawiri Afrika Mashariki nzima huku ikifa katika nyumba moja ya Small Heath, kimya kimya, kati ya babu na mjukuu wanaopendana.

Sidhani dawa ni kumkalisha mtoto mezani na kitabu cha sarufi, ingawa hicho nacho kina wakati wake. Mtoto hashiki lugha ambayo kazi yake ni kumtuma tu. Tafuta mahali ambapo mzee wa nyumbani kwako anajua jambo, umpeleke, kisha unyamaze. Kama ni mkulima wa Moshi au Kigoma, kodi kipande cha bustani ya manispaa. Kama ni fundi cherehani wa Bukavu, mpeleke sokoni penye vitambaa. Sisi mzee wetu alikuwa wa bahari, ndiyo maana tukaenda Llandudno.

Ukitaka kwenda

Nunua tiketi mapema, na utumie kadi za punguzo: ile ya familia hupunguza theluthi moja ya nauli ya mtu mzima na asilimia 60 ya nauli ya mtoto, na ile ya vijana wa miaka 16 hadi 25 inawafaa wanafunzi. Watoto walio chini ya miaka mitano husafiri bure. Tramu hufanya kazi kuanzia mwishoni mwa Machi hadi mwishoni mwa Oktoba. Chukua koti la upepo hata kama Birmingham kuna jua, viatu vya kutembelea, na chakula chako. Kutoka machimboni kupitia kanisani hadi West Shore, kwa mwendo wa mzee na vituo vya chai, tenga saa tatu au nne.

Na kabla ya kukanyaga mchanga, tazama jedwali la maji kujaa na kupwa la siku hiyo kwenye simu. Usitegemee mwezi peke yake, wala uzoefu wa nyumbani. Ukiona mtu amezingirwa na maji, usimfuate. Piga 999 na uombe walinzi wa pwani. Mimi nilikimbia na viatu vyangu kwa sababu ni mwanangu, na nilikosea.

Alhamisi iliyofuata nilikuwa jikoni napakua wali. Mwezi ulikuwa umetoka juu ya paa za nyumba za mtaa wetu, mzima, mwekundu kidogo. Binti yangu alikuwa dirishani na babu yake. Nikamsikia anasema, “Babu, leo bamvua.” Naye akamjibu, na akaendelea, na mtoto akauliza tena. Wali ulikuwa unapoa. Nilifungua mdomo kusema njooni mle, nikaufunga, nikafunika sahani.